Tupeane uzoefu: mliofundisha au kufundishwa riwaya ya Kimarekani sekondari, ni sura gani iliyoliamsha darasa?

Mwalimu wa Darasa la Tisa

Habari za leo wadau. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiingereza darasa la tisa huku Kentucky. Kila mwaka tunasoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, riwaya ya mwaka 1960 ambayo Wamarekani wengi waliopita sekondari wameikuta darasani. Kwangu kuna watoto wa Kizungu ambao babu zao walilima tumbaku hapa hapa, kuna watoto Weusi wa mjini, na kuna watoto wa Kikongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, baadhi yao Kiingereza bado wanakipapasa. Wote kitabu kimoja. Ziko sura zinazowalaza, na ziko zinazowafanya wasahau kengele. Hizo za pili ndizo ninazotaka tuzikusanye hapa, kila mtu na yake, iwe ulikuwa mwalimu, mwanafunzi au mzazi.

Naanza na yangu: kesi ya Tom Robinson, sura ya 17 hadi ya 21.

Kwa asiyeisoma: mji ni Maycomb, wa kubuni, jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Tom ni Mweusi, ameshtakiwa kumbaka msichana wa Kizungu, Mayella Ewell. Wakili wake ni Atticus Finch, na anayetusimulia ni Scout, binti wa wakili. Sherifu anaeleza mahakamani kwamba Mayella alikuwa ameumia jicho la kulia. Baba yake Mayella anaombwa aandike jina lake kwenye bahasha, anaandika kwa mkono wa kushoto. Tom naye mkono wake wa kushoto ulishakufa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba.

Hapo huwa tunafunga vitabu. Nawasimamisha wawili wawili, uso kwa uso, kila mmoja apeleke kiganja polepole kwenye shavu la mwenzake bila kumgusa. Mkono wa kulia unafika shavu gani? La kushoto. Wa kushoto je? Wanajaribu, wanarudia, halafu kona moja ya darasa mtu anapiga ukelele: "Ni baba yake!" Safari moja kijana wa Kikongo ambaye ni mara chache kuisikia sauti yake alikuja hadi mezani kwangu, akauinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya kamusi, akauachia. Ukateleza, ukagonga meza. Ndivyo inavyomtokea Tom anapoapa kwa Biblia. Ni mstari mmoja tu, mwanzo wa sura ya 19, na wasomaji wengi wanaupita bila kuuona. Yeye, ambaye kila ukurasa kwake ni kazi ya kamusi, hakuupita.

Kisha juri, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, wanarudi na kusema ana hatia. Watoto wanakasirika kwelikweli. "Sasa ushahidi wote ule ulikuwa wa nini?" Hapo ndipo ninapoleta historia: vijana tisa Weusi waliokamatwa Alabama mwaka 1931 kwa tuhuma ya kubaka wanawake wawili wa Kizungu, kesi inayojulikana kama ya Scottsboro, Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 1935 kwamba kuwaengua Weusi kwenye juri kwa makusudi ni kuvunja katiba, na wanawake wa Alabama kutoruhusiwa kukaa kwenye juri hadi 1966. Walimu wengi wanaanza na historia ndipo wafungue kitabu. Mimi naiweka baada ya hukumu, na nina sababu. Ukiitanguliza, mtoto anaingia mahakamani akijua mwisho, anasoma kwa kusinzia. Mwache kwanza aamini kwamba ushahidi unatosha, kama Jem, kaka yake Scout, anavyoamini. Akishaumia, atakuuliza mwenyewe kwa nini, na hapo hata ukimpa kurasa kumi za historia atazimaliza.

Karibuni.

Kaka wa Uvira

Asante Mwalimu kwa uzi huu. Mimi niko upande wa wanafunzi. Tulifika Marekani nikiwa kijana, nikaingizwa sekondari moja kwa moja, na kitabu nilichokikuta kinasomwa ni hicho hicho. Nilikaa nyuma. Kiingereza cha kusini mwa Marekani cha miaka ile, hata Wamarekani wenyewe walikuwa wanakwama, sembuse mimi.

Sura yangu ni ya 12. Calpurnia, mpishi wa akina Scout, anawapeleka watoto kwenye kanisa lake la Weusi. Vitabu vya nyimbo hakuna. Zeebo, mwanawe Calpurnia, anasimama mbele, anasoma mstari mmoja, kanisa zima linauimba. Anasoma wa pili, wanauimba. Waumini wanaojua kusoma pale ni kama wanne tu.

Mwalimu wetu akauliza nani amewahi kuona jambo kama hilo. Kimya. Nikanyoosha mkono. Nikawaeleza kwamba kambini kwetu kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, na mzee aliyekishika alikuwa akitutangulizia mstari. Akaniuliza kama naweza kuwaonyesha. Nikaimba mstari mmoja wa Kiswahili, nikawaashiria, wakaurudia, matamshi yamewapinda lakini waliurudia. Baada ya kipindi dada mmoja Mweusi akaniambia kanisa la bibi yake Mississippi nyimbo za zamani bado zinaimbwa vile. Mpaka siku ile sikujua kwamba mimi na yeye tulikuwa na kitu cha kuzungumza.

Walimu, tafadhali msiiruke sura hiyo kwa kuharakia mahakamani. Naona wengi wanairuka.

Ticha wa Minnesota

Wakuu salaam. Mimi ni Mkenya, mwalimu wa Kiingereza. Niseme ambalo bado halijasemwa: lile neno la kuwatukana Weusi. Limejaa kitabuni, na huwezi kufundisha ukijifanya hulioni. Mwaka 2018 wilaya ya shule ya Duluth, jimboni kwetu huku, iliviondoa To Kill a Mockingbird na Huckleberry Finn ya Mark Twain kwenye orodha ya vitabu vya lazima kwa sababu hiyo, ingawa vilibaki maktaba. Mukilteo, jimbo la Washington, nao mwaka 2022 wakaondoa ulazima wa kufundisha To Kill a Mockingbird darasa la tisa.

Utaratibu wangu ni huu. Kabla ya ukurasa wa kwanza, barua inaenda nyumbani kwa kila mzazi, inataja neno lenyewe na inaeleza kwa nini tunasoma. Darasani hatulitamki, si mimi si mwanafunzi, wa rangi yoyote. Anayesoma kwa sauti akilifikia ananyamaza kidogo, anaendelea. Tunalizungumzia limetoka wapi na lilifanya kazi gani, ila halisemwi.

Kuna binti Mweusi alinijia kabla hatujaanza, akasema hataki darasa zima ligeuke kumtazama kila likitokea. Ombi zito hilo kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Nilipanga upya viti, tukakaa duara, kila mtu na kitabu chake wazi mapajani, kanuni ikiwa kwamba wakati wa kusoma macho yanabaki kwenye ukurasa. Alimaliza kitabu, na insha yake ilikuwa kali: alisema Atticus ni mtu mwema, lakini kitabu kinatutaka tumlilie Atticus kushindwa kesi, ilhali aliyekufa ni Tom. Nimeitumia hoja yake kila mwaka tangu hapo, kwa idhini yake.

Mwl Mstaafu Tanga

Ticha, nakubaliana nawe nusu. Kutolitamka, sawa. Wasiwasi wangu ni wale wanaokwenda mbele zaidi wakalifuta. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa Huckleberry Finn ambamo neno hilo limeondolewa mara 219 na mahali pake pakawekwa "mtumwa". Mwandishi aliliweka ili msomaji alione jinsi watu waliojiita waungwana walivyolitumia mezani na kanisani. Ukilifuta unawasafisha wao.

Ticha wa Minnesota

Mzee wangu, shikamoo. Kufuta hata mimi sitaki. Libaki kwenye karatasi, lisiwe midomoni mwa watoto.

Mwl Mstaafu Tanga

Marahaba. Hapo tumeelewana.

Ticha wa Kilifi

Naleta ya nyumbani. Kenya tulikuwa na The Pearl ya John Steinbeck, riwaya fupi ya 1947, kama kitabu cha hiari kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hadi ule wa 2022. Shule yetu iliichagua. Wengi walisema imechaguliwa kwa kuwa nyembamba, na sikatai, lakini huku Pwani ilitufaa kwa sababu nyingine.

Kino ni mpiga mbizi maskini wa La Paz, Mexico. Mtoto wake anaumwa na nge, daktari anakataa kumtibu kwa kuwa hawana pesa. Kisha Kino anaipata lulu kubwa kuliko zote. Anaipeleka mjini kwa wanunuzi. Wamekaa kila mmoja na ofisi yake, wanajifanya wanashindana, kumbe wote wana bwana mmoja. Wa kwanza anasema peso elfu moja. Wengine wanaitwa, mmoja anaikataa kabisa, mwingine anasema mia tano. Kino anasema inafika elfu hamsini, anaondoka nayo.

Nilipofika hapo nilikuwa na maelezo yangu tayari juu ya ukoloni na tabaka. Sikuyahitaji. Kijana mmoja, baba yake ni mvuvi wa pweza, alisema kwa sauti: "Mwalimu, huyu ni tajiri wa babangu." Walioko mbali na bahari labda hawajui: kwetu tajiri ni yule anayekukopesha nyavu, chombo au pesa ya mafuta, na ukitoka baharini samaki ni wake kwa bei anayotaja yeye. Darasa likafunguka. Mmoja akaeleza mizani inavyochezewa. Mwingine akaeleza unavyoambiwa pweza wako ni mdogo kabla hajawekwa hata kwenye mizani. Binti mmoja akauliza swali ambalo sijalikuta kwenye mwongozo wowote wa mtihani: kwa nini Kino hakuwakusanya wapiga mbizi wenzake wakauza pamoja? Tulirudi kitabuni kulitafutia jibu, tukakuta kwamba babu zao walishajaribu: walimtuma mtu mmoja na lulu zote aende mji mkuu, hakuonekana tena. Wakatuma wa pili, naye vilevile. Na padri kila mwaka anawahubiria kwamba ile ilikuwa adhabu ya kutoka mahali walipowekwa na Mungu. Kipindi kizima kikaishia kwenye aya hiyo ya padri.

Mama Zawadi Texas

Mimi si mwalimu, nafanya kazi ghala la usiku. Binti yangu darasa la kumi na moja alipewa The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald juu ya tajiri aitwaye Gatsby. Kitabu cha shule hawaruhusiwi kuja nacho nyumbani, nikaambiwa na jirani kwamba tangu Januari 2021 hakimiliki yake imeisha huku Marekani, unakipakua bure kihalali. Nikakiweka kwenye simu, nasoma wakati wa mapumziko, asubuhi tunazungumza nikimsuka nywele.

Darasani walikuwa wanaandika juu ya taa ya kijani ambayo Gatsby huitazama ng'ambo ya maji, wote taa ya kijani. Mimi kilichonikaa ni baba yake Gatsby. Mwana ameuawa, wageni mamia waliokula na kunywa kwake hawaonekani mazikoni, anakuja mzee kutoka Minnesota kwenye koti la bei rahisi, na mfukoni ana picha ya jumba la mwanawe. Picha imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Amesimama ndani ya jumba lenyewe, lakini anachowaonyesha watu ni picha. Nilimwambia mwanangu, huyu mzee namjua, ni kila mzazi wa kwetu kijijini aliyetumiwa picha kutoka ng'ambo. Akaandika insha juu ya mzee huyo. Mwalimu wake aliisoma mbele ya darasa.

Mwalimu wa Darasa la Tisa

Mama Zawadi, hongera sana, na Mungu akupe nguvu za hizo zamu za usiku. Ningempa mwanao alama zote.

Ticha wa Minnesota, hoja ya binti yako inanigusa kwa sababu ndilo pengo kubwa la kitabu hiki. Tom anapewa nafasi ya kusema mahakamani, halafu tunamsikia kwa vinywa vya wengine mpaka anapigwa risasi kumi na saba akiruka uzio wa gereza. Mkewe Helen ndiyo kabisa. Kwa hiyo baada ya sura ya 27 nina zoezi moja. Helen amepata kazi, lakini ili asipite mbele ya nyumba ya akina Ewell anazunguka karibu maili nzima kila siku. Nawapa karatasi tupu, wachore njia zote mbili, fupi na ndefu, kisha waandike anachokifikiria Helen njiani. Watoto waliokimbia vita wanaijua njia ya kuzunguka kuliko mimi. Mmoja aliandika kwamba Helen anahesabu mbwa wanaobweka, maana ndio wanaomwambia kama kuna mtu nyuma yake. Sambamba na hiyo nawasomesha Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred Taylor, ya 1976, ambamo familia ya Weusi wa Mississippi ya miaka hiyo hiyo inajisimulia yenyewe. Anayetaka karatasi ya zoezi aseme, nitaipandisha.

Ticha wa Kilifi, nami naomba maswali uliyotumia kwa ile sura ya wanunuzi wa lulu. Wazazi wa wanafunzi wangu kadhaa walikuwa wavuvi Ziwa Tanganyika.

Ticha wa Kilifi

Nitayachapa wikendi hii, Mwalimu. Ila nakushauri uanze na swali moja tu, kisha unyamaze: "Nyumbani kwenu, nani alikuwa anapanga bei?"

Kaka wa Uvira

Kwetu alikuwa mwenye mtumbwi na taa. Baba alivua ndagaa usiku kucha, na alfajiri bei aliikuta imeshapangwa. Mwalimu, ukifika sura hiyo, kama shule yako inaruhusu wageni, nitakuja niwasimulie.