Mrejesho: bima na upasuaji wa misuli ya tumbo iliyoachana (Lubumbashi)

Aksanti sana wamama wote mlionijibu. Niliuliza kama bima ya kazini kwa bwana yangu inaweza kulipa upasuaji wa misuli ya tumbo iliyoachana kisha kuzaa mapacha. Walikuwa wamekataa, eti ni urembo.

Shauri lililosaidia ni la yule mama muuguzi: usiwaeleze sura ya tumbo, waeleze kazi zinazokushinda, na uambatanishe vipimo. Ekografi ilionyesha nafasi ya sentimita 5 kati ya misuli juu ya kitovu (ikizidi 2 ndipo madaktari wengi huhesabu kuwa imeachana), tena na ngiri ya kitovu. Daktari akaandika yote: mgongo unauma, bidoni ya maji siinui, mazoezi ya kine (tiba ya viungo) hayakufunga ile nafasi.

Bima ikakubali ngiri tu, pamoja na chumba na dawa ya usingizi. Kushona misuli wakakataa, hata tulipokata rufaa. Hiyo tumelipa wenyewe, kwa mafungu, na inauma. Lakini daktari alifanya vyote kwa usingizi mmoja, na hapo ndipo tulipookoa pesa nyingi. Ombeni fakitire (hati za malipo) mbili, ya ngiri peke yake na ya misuli peke yake, pia jibu la bima kwa maandishi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Kidonda kimekauka vizuri. Mgongo bado unasumbua jioni, kine inaendelea. Dada wa Likasi uliyeniandikia, ngiri yako ipimwe kwanza.