Bomba la pazia limeanguka tena

Atu: Shikamooni wakubwa. Habari za asubuhi jamani. [picha] Oneni wenyewe, bomba la pazia la sebuleni limeshuka usiku na pande zima la plasta, tukadhani mwizi, Baba Ima katoka na panga na boksa 😂

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Yesu wangu, na ukuta mzuri hivyo! Hamjaumia?

Atu: Hatujaumia mama, ila hii ni mara ya pili sasa upande uleule. Fundi aliyefunga nikimpigia anasema yuko njiani, toka wiki iliyopita yuko njiani sijui anatokea Tunduma kwa mguu

Baba Ima: Mi nimeshaamua nafunga mwenyewe. Pale Mwanjelwa nimeona sanduku moja zuri sana, vipande 108, drili imo, nyundo imo, spana, pimamaji, kila kitu. Jumamosi nashuka nalichukua

Lusajo: Shemeji 😂😂 hivyo 108 si ndo vile vipande vingi vyake ni vichwa vya bisibisi na vijiskrubu vya kwenye kimfuko

Baba Ima: We dogo toka uingie chuo hapo MUST unajua kila kitu

Lusajo: Sio hivyo shem, mwenzangu hosteli analo kama hilo, biti yake, ile ncha ya kutobolea, kugusa zege tu imekuwa butu hapohapo, ile pimamaji yake ndo kichekesho kabisa ukiigeuza inakupa jibu jingine

Mjomba Mafinga: Kamwene nyote. Atu nipigie picha tundu lenyewe kwa karibu, sio ukuta. Na ile fisha iliyotoka, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, iweke pembeni ya kiberiti nione urefu

Atu: Shikamoo mjomba. [picha]

Mjomba Mafinga: Marahaba. Haya ndo nilivyodhani. Fisha yenyewe inafika nusu ya kiberiti, yaani kama milimita 25 tu, na plasta yenu hapo naiona ni nene inakaribia hizohizo 25. Kwa hiyo hiyo fisha haijawahi kugusa tofali hata siku moja, imekaa kwenye plasta peke yake, halafu mmening'iniza mapazia mazito yale ya kuzuia baridi na Ima akipita anayavuta. Lazima ishuke

Atu: Heee kwa hiyo tofali halina kosa

Mjomba Mafinga: Nalo sijalisamehe bado. Nyumba yenu mlijenga kwa tofali za kuchoma, na kati ya tofali na tofali mliweka simenti au udongo?

Baba Ima: Chini mpaka usawa wa madirisha simenti, juu hela ilikata mjomba tukamalizia udongo

Mjomba Mafinga: Nusu ya Mbeya imejengwa hivyo hakuna aibu. Ila sasa ukitoboa ukaangukia kwenye maungio ya udongo hapo hata uweke fisha ya urefu wa kidole haishiki, inazunguka tu. Mwenyewe unatakiwa uangalie vumbi linalotoka kwenye tundu. Mwanzo litakuwa la kijivu, hiyo plasta. Likigeuka jekundu kavu umeingia kwenye tofali, vizuri. Likiwa la kahawia na biti inazama yenyewe kama inachovya ugali huo ni udongo, simama, sogea nchi mbili juu au chini

Lusajo: Mjomba hii nilikuwa siijui

Mjomba Mafinga: Na likibaki la kijivu moja kwa moja, drili inalia na haiendi, umekuta linta, ule mkanda wa zege

Mama Mkubwa: Kaka unaongea kama unamwona huyo mdudu ndani ya ukuta

Baba Ima: Mjomba subiri, picha za ujenzi ninazo kwenye simu, kabla ya plasta. [picha] [picha] Linta ile pale imepita juu ya madirisha yote

Mjomba Mafinga: 👏👏 Safi sana mkwe. Hizi picha msizifute. Watu wanapiga plasta bila kupiga picha halafu mwaka wa pili wanatoboa bomba la maji. Sasa ona, brakiti ya fundi, kile kishikio cha bomba, iko juu ya linta kwenye mstari wa kwanza wa tofali, tena karibu kabisa na maungio. Angeshusha kama nchi nne tu angekuwa kwenye zege

Atu: Nchi nne zote jamani! Mapazia yatafagia sakafu, nimeyashona kwa kipimo

Mama Mkubwa: Leta nikukunjie upindo, cherehani ipo inaota vumbi

Baba Ima: Sasa kwenye linta nahitaji drili gani? Maana nikienda dukani ananiambia hii ya volti 18 hii ya 20, hii kubwa bei hiyo, nachanganyikiwa

Lusajo: Shem hiyo 18 na 20 ni kitu kilekile wasikuuzie maneno. Ndani ya betri mna seli 5 zimepangwa mfululizo, kila moja kawaida ni volti 3.6, zidisha unapata 18. Ikitoka kwenye chaji ikiwa imejaa inasoma karibu volti 20 na kidogo, wengine ndo wanaandika hiyo kubwa kwenye boksi. Angalia vitu vingine: kama ina alama ya nyundo yaani inagonga huku inazunguka, kama betri ziko 2, na kama hiyo betri utaipata tena dukani ikifa

Baba Ima: Na ya waya?

Lusajo: Kwa zege ya waya ya kawaida yenye kugonga inatosha, haiishiwi chaji katikati ya kazi. Ila umeme ukikatika kazi imekatika nayo, Isyesye mnajijua wenyewe 😂

Mjomba Mafinga: Drili msinunue kwanza. Mkwe, wewe mwaka huu utatoboa matundu mangapi? Mapazia ya vyumba vitatu na shelfu ya jikoni, basi. Drili yangu ya kugonga ipo, haina kazi toka niweke ile mashine kubwa karakana, nitaituma kwa basi. Hela yako weka kwenye biti. Hapo ndo watu wanapokosea, drili ya gharama biti ya jumla. Nunua biti ya ukuta ya milimita 8 nzuri moja na ya 6 moja, ile ambayo kichwani ina kipande kingine kimechomelewa, kipana kuliko mwili wake, kama mkuki. Ya chuma haina hicho kipande, imesokotwa mwili mzima, ukiipeleka kwenye zege inaungua. Ya mbao ina kijisindano katikati

Atu: Naandika hapa

Mjomba Mafinga: Fisha ya 8 na biti ya 8, usimsikilize anayekwambia toboa kubwa kidogo ili iingie vizuri. Iingie kwa kugongwagongwa na nyundo ndogo. Skrubu yake milimita 5, urefu usipungue 60, maana plasta imeshakula 25 kabla hujaanza na brakiti nayo ina unene wake. Na fisha ipitilize plasta yote, ijikunje ndani ya zege

Baba Ima: Na hiyo kugonga niiweke toka mwanzo?

Mjomba Mafinga: Hapana. Anza kuzungusha tu upite plasta, maana ukiigonga inabanduka pande kama hilo mlilonalo. Ukifika kwenye zege ndo unawasha kugonga. Na kwenye tofali la kuchoma usiwashe kabisa, haya ya kwetu ni laini yanapasuka ndani hujui, tundu linakuwa kama la panya. Ukiwa kwenye linta ukikuta inagoma ghafla na vumbi halitoki umekutana na nondo, usiilazimishe, sogea pembeni kidogo

Lusajo: Na usitoboe usawa wa swichi shem. Waya kawaida unapanda wima toka kwenye swichi mpaka juu, kwa hiyo juu na chini ya swichi au soketi ni marufuku hata kama ukuta unaonekana mtupu. Zima meni swichi kama huna uhakika

Mama Mkubwa: Hayo ya umeme mwachieni mwenye leseni ya EWURA. Ukuta ukikosea unaziba, umeme ukikosea tunakuja na maturubai

Baba Ima: Nimekuelewa mama 🙏 umeme sigusi. Bas sanduku la 108 nimelifuta. Sasa ninunue nini maana mkono unawasha

Mjomba Mafinga: Futi ya mita 5 ambayo haichezi. Nyundo yenye kucha. Bisibisi mbili za chuma kizuri, ya nyota na bapa. Plaizi. Pimamaji ya sm 60, na uijaribu palepale dukani: iweke kwenye kaunta, soma povu limekaa wapi, igeuze kushoto iwe kulia, palepale ilipokuwa. Povu likikaa mahali tofauti mrudishie. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje. Vingine nunua kazi ikija

Lusajo: Na miwani

Mjomba Mafinga: Miwani na barakoa kabla ya nyundo. Asante Lusajo

Shangazi Tukuyu: Ugonile ndugu zangu, mtandao huku ulipotea. Mmesema matundu, mimi ukuta wangu wa chumbani umeota ukungu mweusi, fundi kaja kasema anipakie rangi mpya juu yake

Lusajo: Shikamoo shangazi. Asipake! Rangi juu ya ukungu mwezi mmoja unarudi

Shangazi Tukuyu: Marahaba. Sasa nifanyeje, mvua ya huku mnaijua

Mjomba Mafinga: Kwanza tafuta maji yanapotoka. Angalia gata, angalia kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, ukuta unanyonya. Halafu sugua na jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, ule moshi wake unaua. Rangi subiri ukuta ukauke kwelikweli, kwako hapo labda mwezi wa 8 au wa 9. Hata hapa Mafinga kwa baridi ya Juni rangi inakaa mbichi mpaka unaisahau

Shangazi Tukuyu: Ndaga fijo kaka. Fundi nimemwambia akalime viazi kwanza

Atu: 😂😂😂 Mjomba na ile shelfu ya jikoni? Ulisema utanipa mbao

Mjomba Mafinga: Zipo paina 1x10 futi sita, mbili, zimekaa stoo zaidi ya mwaka zimekauka. Usinunue za kutoka kwenye lori leo, ukiinyanyua unasikia uzito wa maji, ukifunga shelfu baada ya mwezi imejikunja kama mkeka. Na msitumie zile za kijani zilizobaki kwenye paa lenu

Baba Ima: Mjomba nilikuwa nishazipigia hesabu hizo, ni nzuri zimenyooka

Mjomba Mafinga: Hizo ni za dawa. Ile dawa ya kijani mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, ni kwa ajili ya mchwa kwenye paa. Jikoni hapana. Na vipande vyake msichomee kwenye jiko la kuni, nimewaona watu wa Iringa wanapikia maharage, ule moshi na lile jivu ni sumu. Kama mnavyo vingi tengenezeeni banda la nje, na ukivikata vaa barakoa

Atu: 😳 Baba Ima juzi si ulichomea majani navyo

Baba Ima: Vilikuwa viwili tu. Tuendelee

Lusajo: 😂 Mi nitakuja na grenda ya hapa hosteli kukatia mabano ya chuma ya shelfu

Mjomba Mafinga: Ina kava lake?

Lusajo: Ilitolewa mjomba ili disko la nchi saba liingie

Mjomba Mafinga: Basi iache hukohuko. Hiyo grenda ndogo ni ya disko la nchi nne na nusu, inazunguka karibu mara elfu 11 kwa dakika. Disko kubwa halikuundwa kwa mwendo huo, likipasuka vipande vinakwenda kama risasi na kava halipo. Mabano kata kwa msumeno wa chuma wa mkono, ni dakika kumi, utatoka jasho kidogo ndo ujana wenyewe

Mama Mkubwa: Lusajo umesikia? Nitampigia huyo mwenzako

Lusajo: Nimesikia mama jamani sio mpaka upige

Atu: Sawa tupange bas. Mjomba anatuma drili na mbao kwa basi, Lusajo anaenda kupokea stendi, Baba Ima ananunua biti na fisha, mi napeleka mapazia Uyole kwa Mama Mkubwa. Jumamosi saa nne kazi, ugali na samaki wa Kyela upo

Lusajo: Saa nne nipo. Saa tatu na nusu nipo

Baba Ima: Na lile tundu lililobomoka tunalizibaje?

Mjomba Mafinga: Kwangua kilicholegea chote, lowesha ukuta vizuri kwanza, mchanga na simenti nne kwa moja, jaza mara mbili usijaze yote kwa pigo moja. Acha siku kadhaa ukinyunyizia maji. Msitoboe tena palepale

Mama Mkubwa: Kaka kabla hujatoka, mlango wangu wa mbele unabana, nauvuta kama navuta ng'ombe. Nimwambie Lusajo aje aurande akimaliza huko?

Mjomba Mafinga: Unabana toka lini dada?

Mama Mkubwa: Toka mvua ianze, mwezi wa 12 hivi. Kiangazi haukuwa na shida

Mjomba Mafinga: Basi msiuguse sasa. Ubao umekunywa unyevu umevimba, ukiuranda leo mwezi wa 7 utakuwa na uwazi wa kupitisha baridi yote ya Uyole. Paka mshumaa pembeni pale unapogusa, angalia na skrubu za bawaba ya juu kama zimelegea uzikaze. Halafu ule ukingo wa juu na wa chini wa mlango umepakwa vanishi?

Mama Mkubwa: Sasa juu ya mlango nani anapanda kuangalia

Lusajo: Nitapitisha kidole jumapili nikija kufua

Mjomba Mafinga: Kama ni mkavu hauna vanishi ndo hapo maji yanapoingilia. Kiangazi tutaupaka kote kote

Mama Mkubwa: Na uje na nguo zako tu, sio na za hosteli nzima