Naomba ushauri: samaki wangu wadogo aina ya sikilidi wamedhoofika baada ya kutumia maji ya mvua

Ndugu wanachama, habari za leo. Niko Ujiji, Kigoma, na ninafuga sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus brevis, wale ambao dume na jike hujibana pamoja ndani ya kombe moja la konokono. Ninao wanne katika tangi la lita 80 lenye mchanga laini, makombe ya kutosha na chujio la sponji. Joto la maji ni nyuzi 26.

Kwa mwaka mzima nilitumia maji ya ziwani, nao walizaliana vizuri. Mwezi uliopita nilianza kubadilisha maji kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye bati, nikiamini kwamba hakuna yaliyo safi zaidi, na hapo ndipo nilipokosea: pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji), ambayo ziwani hukaribia 9, imeshuka hadi 7.4, vifaranga wote wamekufa, na wakubwa hawatoki kula. Inaniuma sana, maana wazazi bado wanalinda kombe lililo tupu.

Nimeacha maji ya mvua, nimepunguza chakula, na kipimo cha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kinaonyesha sifuri. Sijathubutu kurudisha maji ya ziwa kwa wingi, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla yanaweza kuwaua hata hawa waliobaki.

Naomba kuuliza: nibadilishe asilimia ngapi ya maji kwa siku ili pH ipande salama? Na je, makombe yaliyosagwa, yakiwekwa ndani ya chujio, yataweza kuishikilia isishuke tena?