Furu dume anawachakaza majike kwenye tangi, nifanyeje?

Mtu_wa_Igoma
Wakuu habari za mihangaiko. Nina tangi la kioo sebuleni, lita 100 hivi, nimeweka furu watatu (hawa samaki wadogo wa Ziwa Victoria), dume mmoja mgongo mwekundu ubavuni njano na milia myeusi, na majike wawili wale wa rangi ya tope tope. Niliwachagua kwenye ndoo ya vijana wanaouza chambo cha sangara, wakanicheka kweli eti jamaa anafuga chambo. Mwanzo walikuwa poa tu, ila dume alivyokolea rangi ikawa vita. Kajimilikisha pembeni ya jiwe, jike akikatiza tu anatoka nalo mbio mpaka ukutani. Mmoja mkia umebaki nyuzi nyuzi, magamba ubavuni yamebanduka, anashinda juu kabisa nyuma ya bomba la filta na hata chakula hashuki kula. Wa pili naye saivi kaanza kukimbizwa. Bro wangu anasema niongeze dume mwingine wapigane wao kwa wao majike wapumue, ni kweli hiyo? Dume sitaki kumtoa maana rangi yote ya tangi ni yeye.

Kitangiri_Maji
Mkuu usimsikilize bro. Madume wawili kwenye tangi la lita 100 ndo mbaya kuliko yote, mmoja atakuwa mbabe, wa pili atapauka arudi rangi ya jike halafu apigwe mpaka afe, kisha anarudi kwa majike kama kawa. Ni hivi, kule ziwani dume anashika eneo lake la mawe, jike akiwa hajawa tayari kutaga anaondoka zake mita mbili tatu na ugomvi umeisha. Kwako aondoke aende wapi? Dume anaona jike kagoma ila bado yuko kwenye eneo lake, kwa hiyo anamfukuza asubuhi hadi jioni. Na ukiwa na majike wawili tu hasira yote inaishia kwa hao. Weka hata watano kwa dume mmoja, hapo mpigo unagawanyika, kabla hajammaliza huyu kashamuona yule. Ila kwa idadi hiyo tafuta tangi refu, futi nne hivi. Urefu wa chini ndo unaohitajika, kina hakisaidii sana maana ugomvi wote uko chini kwenye mawe.

Kwa leo mtoe DUME, usimtoe jike mgonjwa. Muweke hata kwenye beseni lenye pampu ya hewa na ulifunike, furu anaruka huyo. Akiwa nje hamisha mawe yote, pandisha hadi karibu na juu ya maji, lengo akiwa kona hii asione kona ile. Jike akishaanza kula na mkia kuota ndo umrudishe dume, usiku taa zimezimwa. Atakuta eneo lake halipo na yeye ndo mgeni.

Rock_City_Fish
Hapo kwenye mawe sie wa Mwanza hatuna kisingizio, mawe yamejaa mpaka chooni 😂 Granaiti yetu haichafui maji, isugue kwa brashi bila sabuni basi. Ila ANZA na mawe kwenye kioo cha chini halafu ndo umwage mchanga, sio kinyume, furu wanachimba na jiwe likiteleza kioo kinakwenda.

Njia nyingine ambayo watu wanaiogopa bure ni kuwajaza. Samaki wakiwa wengi dume anashindwa kushika eneo, kila akigeuka kuna mtu.

Mama_Sato
Kuwajaza kwa umeme wetu huu?? Tangi limejaa, umeme ukate usiku filta na pampu vizime, asubuhi unakuta wote wanahema juu ya maji kama hujaokota maiti. Ushauri huo unafaa kwa mwenye sola au pampu ya betri, na ubadilishe maji mara kwa mara. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo hadi kesho yake kwanza, klorini ipungue.

Mimi nimeachana na majike kabisa nafuga madume watupu, rangi tofauti tofauti. Jike asipokuwepo hawana cha kugombania sana, wanatishiana mapezi tu. Lakini jike mmoja mwenye mayai akiingia kwa bahati mbaya, jamani, pachafuka siku hiyohiyo.

Mtu_wa_Igoma
Wabheja sana wakuu. Dume nimemtoa, jike mwenye mkia ulioraruka kashuka kula. Ila huyu wa pili hagusi chakula na kidevu kama kimevimba, kila muda anatafunatafuna hewa. Kaumia mdomo?

Kitangiri_Maji
Hajaumia mkuu, huyo kabeba mayai mdomoni hongera 😁 Hatakula karibu wiki tatu. Wale vidoa vya njano kwenye pezi la chini la dume umeviona? Vinafanana na mayai, jike anakuja kuvidonoa mbegu za dume zinamuingia mdomoni, mayai yanarutubishwa humohumo. Usimguse kwa sasa, akishtuka anaweza kuyatema au kuyameza. Zikipita kama wiki mbili mhamishe taratibu peke yake, na akishatema watoto usimrudishe hapohapo, mlishe kwanza anenepe. Jike aliyekonda akikutana na dume mwenye moto anakufa.

Rock_City_Fish
Na ukienda kuongeza majike kwenye zile ndoo za chambo angalia vizuri. Huyo dume wako kwa maelezo anafanana na Pundamilia nyererei, wale wa jina la Mwalimu, ila bila picha siapi. Majike wa aina tofauti wanafanana mno, na dume hachagui, utapata machotara. Hata ziwani kwenyewe maji yakiwa ya tope jike haoni rangi vizuri, mwekundu na wa bluu wanachanganyikana. Muulize muuzaji kawatoa mwamba gani, chukua wote sehemu moja. Machotara wakitokea wabaki kwako, usiende kuwamwaga ziwani.

Mtu_wa_Igoma
Sawa mkuu. Jumamosi nashuka soko la samaki Mwaloni, kuna fundi vioo wa futi nne anayeaminika?