Mjadala: Mhasibu kijana aanze na cheti cha kimataifa au cha bodi ya nchi yake?

Wadau, naleta hoja hii kwa kuwa kila msimu wa mitihani swali ni lile lile. Kijana amemaliza shahada ya uhasibu na ana ada ya kutosha njia moja tu: ajisajili ACCA (chama cha wahasibu chenye makao Uingereza, kinachotoa cheti cha kimataifa), au afanye mitihani ya bodi ya wahasibu ya nchi yake? Jibu analopewa mara nyingi ni "nenda ACCA, inatambulika dunia nzima." Mimi napinga. Aanze na bodi ya nchi anayokusudia kufanyia kazi, cha kimataifa kifuate.

Hoja yangu kubwa ni saini. Cheti kutambulika ni jambo moja, wewe kuruhusiwa kutia saini ripoti ya ukaguzi ni jambo jingine, na ruhusa hiyo inatokana na sheria za nchi husika. Uingereza kwenyewe, ambako ACCA ilianzia mwaka 1904, uanachama peke yake haukupi haki ya kusaini. Unahitaji cheti cha kutoa huduma kwa umma pamoja na sifa ya ukaguzi. Marekani nako leseni ya CPA, yaani ya mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, hutolewa na jimbo. Kodi ndiyo kabisa: hakuna sheria ya kodi ya dunia nzima. Biashara ya kawaida inamtaka mhasibu anayeweza kuandaa ritani na kusimama mbele ya ofisa wa kodi akijua kifungu kinachohusika.

Najua nitajibiwa kwa IFRS, viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha, na ni jibu zito. Viwango hivyo vinatakiwa katika nchi zaidi ya 140, hivyo anayevijua anasoma taarifa za fedha za kampuni ya mbali bila kubabaika. Lakini kama nchi yako imeshavipokea, bodi yako nayo inavitahini! Fungua mtaala wake uone kabla ya kuamini kwamba maarifa hayo yapo upande mmoja tu.

Sasa gharama, maana hapa vijana wanaumia na hatusemi. ACCA ina mitihani 13. Ada ni za pauni, na kuna ada ya kila mwaka hata kama mwaka huo hukufanya mtihani wowote. Sarafu ya kwenu ikishuka, deni linapanda ukiwa umekaa. Watu hufurahia kusamehewa mitihani kwa sababu ya shahada, ila kila mtihani uliosamehewa unalipiwa. Ukifika ngazi ya mwisho yenye mitihani 4, saa inaanza kuhesabu: una miaka 7 ya kuimaliza, la sivyo ufaulu wa zamani unafutika.

Kinachonisikitisha zaidi ni miezi 36 ya uzoefu wa kazi. Kijana asiye na ajira anaweza kufaulu mitihani yote, akamaliza na moduli ya maadili, na bado asiwe mwanachama wala asiruhusiwe kuandika herufi za ACCA baada ya jina lake. Bodi nyingi za nchi nazo zinadai uzoefu, sikatai. Tofauti ni kwamba huku hujabeba ada ya kigeni wakati unatafuta kazi. Na ukishafuzu kwenu, ukawa na mshahara, bodi yako ikiwa inatambuliwa na ACCA unaweza kusamehewa hadi mitihani 9 kati ya ile 13.

Nakubali kuna wanaostahili kuanza na cha kimataifa: aliyeajiriwa na kampuni yenye matawi nchi nyingi, anayelipiwa na mwajiri, aliyeamua kweli kuhama. Na kama bodi ya kwenu inachelewesha matokeo na mtaala wake umechakaa, sitamlaumu mtu.

Mlioanza na ACCA, naomba mtupe uzoefu wenu: mlipotaka leseni ya nchi yenu, bodi iliwarudisha kwenye mitihani mingapi ya sheria na kodi? Nanyi waajiri mnaodai cheti cha kimataifa kwa nafasi ambayo kazi yake ni vocha za malipo na mishahara, mnakitumia kwa lipi?