Naomba ushauri: kujifunza msamiati wa Kiingereza cha utabibu kwa aliyesoma msingi kwa Kiswahili

Kijana wa Kondoa ameuliza:

Salaam kwenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada ya utabibu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Elimu ya msingi niliipata kwa Kiswahili, kama wengi tuliosoma shule za serikali, na nilipoingia sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, walimu walikuwa wakianza somo kwa Kiingereza na kulimalizia kwa Kiswahili ili darasa lisibaki nyuma. Matokeo yake ni kwamba fiziolojia naielewa nikielezwa, lakini jina la ugonjwa likitajwa mbele yangu huwa sina pa kulishika.

Nimeanza kukariri kamusi ya tiba kuanzia herufi ya kwanza, na tayari maneno yanaingiliana. Sina hakika ipi ni "hypokalaemia" na ipi ni "hypocalcaemia", na mwenzangu wa bwenini anayachanganya hayo hayo. Muhula ujao tunaanza mafunzo kwa vitendo wodini, ambako mgonjwa atanieleza shida yake kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kupitia kwa ndugu aliyemleta, nami nitatakiwa kuiandika kwenye faili kwa Kiingereza. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi, na kama kukariri kamusi kunafaa au ninapoteza muda.

Mkufunzi Mstaafu amejibu:

Kijana, kamusi iache rafuni, uifungue pale tu unapokutana na neno usilolijua. Msamiati wa tiba tunaouita wa Kiingereza kwa sehemu kubwa umetoka katika Kigiriki na Kilatini, na Mwingereza ambaye hakusomea udaktari naye haelewi "cholecystectomy" ni kitu gani mpaka afundishwe. Wewe una silaha ambayo yeye hana: umefundishwa kuchambua vitenzi tangu sekondari, na hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuonyesha viambishi awali, mzizi na viambishi tamati katika "hawakupigiana". Lichambue neno la tiba kwa namna hiyo hiyo. "Chole" ni nyongo, "cyst" ni mfuko, na "ectomy" ni kukata na kuondoa, kwa hiyo huo ni upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Ukishakijua kipande hicho cha mwisho, "appendicectomy" ya kidole tumbo na "hysterectomy" ya kizazi hazidai kukaririwa upya.

Tuyachukue maneno yako mawili. "Hypo" ni chini ya kiwango, na "aemia" ni habari za damu. Kinachotofautiana ni cha katikati. "Kal" ni "kalium", jina la Kilatini la potasiamu, na ndiyo sababu elementi hiyo inaandikwa K kwenye jedwali ulilolisoma katika kemia. "Calc" ni kalsiamu. Kwa njia hiyo "hyponatraemia" utaitambua bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa unajua Na inasimamia sodiamu. Utagundua pia kwamba majina mengi ya magonjwa hufuata Kigiriki na yale ya sehemu za mwili hufuata Kilatini, ndiyo maana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ni "renal artery" lakini figo hiyo ikiugua inaitwa "nephritis".

Kuna sehemu mbili za kuwa macho. Ya kwanza ni "tomy", "stomy" na "ectomy": kupasua, kutengeneza tundu linaloachwa wazi, na kuondoa. Ya pili ni "hyper" na "hypo", ambazo kwa sikio hazipishani sana, hasa mtu anapozungumza haraka kwenye simu. Mgonjwa mwenye sukari iliyoshuka akichomwa insulini kwa sababu aliyepokea taarifa alisikia vibaya, anaweza kufa. Wakati wa kukabidhiana zamu, taja jina la kitabuni kisha useme kwa Kiswahili kuwa sukari imeshuka au imepanda, hata kama nyote mnaozungumza mna shahada.

Na kwa kuwa unasomea mkoa huu, anza na magonjwa utakayoyaona kwa macho yako. Huko Kongwa, ambako trakoma, yaani ugonjwa wa macho, imefanyiwa utafiti kwa miongo mingi, utakutana na mzee ambaye kope zake zimegeukia ndani na kukwaruza jicho. Hiyo ni "trichiasis", kutokana na "trich", yaani nywele. Vilevile mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, ugonjwa ambao vitabu vinauita "aflatoxicosis". Jina la sumu hiyo limeungwa kutokana na jina la kuvu wenyewe, *Aspergillus flavus*: herufi ya kwanza ya neno la kwanza, herufi tatu za la pili, kisha neno la sumu.

Sista wa Zamu ya Usiku amejibu:

Mwalimu amesema vema. Niongeze tu kwamba Kigiriki chenyewe wanafunzi huwa wanakimudu baada ya muda. Ninapowaona wakikwama ni pale mgonjwa anapotumia neno moja la Kiswahili ambalo Kiingereza kimeligawa mara tatu au nne, naye mwanafunzi akachagua la kwanza linalomjia.

Mdogo wangu, angalia neno "uvimbe". Mama akisema ana uvimbe kwenye kizazi, mara nyingi anamaanisha "fibroid". Mzee akisema miguu ina uvimbe, huenda ni maji yaliyojaa chini ya ngozi, yaani "oedema". Kidonda kilichovimba, kikawa chekundu na cha moto, ni "inflammation", na ndiyo hiyo inayobebwa na "itis" ya kwenye vitabu. Uvimbe wa mafuta unaochezacheza chini ya ngozi ni "lipoma". Ukiandika "swelling" kwa wote hao bila maelezo, daktari atakayelisoma faili hatajua aanzie wapi. "Mguu" kwetu unaanzia nyongani hadi kwenye vidole, na "mkono" unaanzia begani, ilhali Kiingereza kina "leg" na "foot", "arm" na "hand". "Mshipa" ndio unaowatesa wengi, kwa sababu mgonjwa anaweza kulitumia kwa mshipa wa damu, kwa neva, kwa kano, na wapo wanaume wanaosema wana mshipa wakimaanisha ngiri au busha, kwa kuwa wanaona haya kutaja.

Nitakupa mfano mmoja. Mama wa makamo alikuja analalamika kwamba chembe ya moyo inamuuma, hasa akikaa na njaa, na usiku maumivu humwamsha. Mwanafunzi aliyempokea akaandika "heart pain", na daktari wa zamu akaagiza kipimo cha umeme wa moyo kabla hajazungumza na mama mwenyewe. Nilimwomba mama aonyeshe kwa kidole, naye akagusa pale chini ya kidari zinapoachana mbavu. Hiyo kwenye faili ni "epigastric pain", na maumivu ya namna ile kwanza humfanya mtu afikirie vidonda vya tumbo. Kiingereza nacho kina mtego kama huo, maana "heartburn" ni kiungulia na haina uhusiano wowote na moyo.

Kwa hiyo daftari lako usilipange kwa alfabeti. Lipange kwa malalamiko: andika alichosema mgonjwa neno kwa neno, swali ulilomuuliza ili kupata uhakika, kisha neno la Kiingereza lililofaa. Mzazi akisema mtoto ana degedege, andika "convulsions" pamoja na muda zilizodumu, wala usirukie kuandika malaria kali au kifafa, kwa kuwa hicho ni chanzo kinachopaswa kutafutwa. Na pale ndugu anapotafsiri kutoka Kigogo, mwombe mgonjwa mwenyewe aonyeshe mahali panapouma, kwa sababu mkalimani wa namna hiyo mara nyingi hufupisha.

Dirisha la Dawa amejibu:

Mimi nitagusia vifupisho tu. Sisi kwenye bahasha ya dawa tunaandika "kutwa mara tatu", lakini cheti kinakuja na "tds", ambacho ni Kilatini. "Bd" ni mara mbili, "nocte" ni usiku, "stat" ni papo hapo, na "prn" ni pale inapohitajika. Kuwa macho na kifupisho cha "od", ambacho kwa kawaida ni mara moja kwa siku lakini katika kliniki ya macho ni jicho la kulia. Kama huna hakika, andika kwa kirefu, na hati yako isomeke.

Jambo dogo la tahajia: mitandao ya Marekani huandika "edema" na "anemia", wakati vitabu vingi mtakavyopewa vitakuwa na "oedema" na "anaemia". Usitafute kwenye herufi moja ukakata tamaa.

Kijana wa Kondoa ameandika:

Shikamoo mwalimu, shikamoo dada, na ahsante sana ndugu wa dirisha la dawa. Nina swali moja la nyongeza. Mkufunzi wetu wa chuoni alitupa mfano wa faili lenye maneno "patient denies cough", "abdomen soft, non-tender" na "chest unremarkable". Kamusi inasema "deny" ni kukana, kama mshitakiwa mahakamani. Je, mgonjwa alituhumiwa kukohoa?

Sista wa Zamu ya Usiku amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Hakuna aliyemtuhumu; ni mazoea ya uandishi wa madaktari, na maana yake ni kwamba aliulizwa kuhusu kikohozi akasema hana. "Tender" ni panapouma pakibonyezwa, kwa hiyo tumbo hilo ni laini na halina maumivu linapobonyezwa. "Unremarkable" ni habari njema, kwamba kifua kimepimwa na hakuna kasoro iliyoonekana. Maneno haya ya kawaida ndiyo yanayohitaji kukaririwa kuliko yale marefu, kwa sababu huwezi kuyachambua, na yanafanana na yale uliyoyajua shuleni kwa maana nyingine. "Acute" wengi huitafsiri kuwa kali, kumbe inaeleza kitu kilichoanza ghafla na hakijadumu muda mrefu. Ukali una neno lake, nalo ni "severe". Mafua yanaweza kuwa "acute" bila kuwa makali hata kidogo. "Stool" si kigoda, ni choo kikubwa. Na ukiona kwenye ukurasa mmoja wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji pameandikwa "no discharge from wound", kisha chini yake "discharge tomorrow", ujue kidonda hakitoi usaha na kesho mgonjwa anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.