Makala mbili za chanjo ya malaria: moja asilimia 55.8, nyingine 36.3. Niandike ipi kwenye muhtasari?

mwaka_wa_pili: Habari za jioni wakuu. Nasoma afya ya jamii. Tumepewa kazi ya kufupisha na kuhakiki makala mbili za jaribio la chanjo ya RTS,S, lile la nchi saba za Afrika, vituo vya Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. Makala ya 2011 inasema ufanisi ni asilimia 55.8, ya 2015 inasema 36.3. Jaribio ni lilelile na chanjo ni ileile. Nishike ipi? Kazi inakusanywa kesho saa nne asubuhi, nina wasiwasi sana.

Mama Takwimu: Pole mwanangu. Namba hizo hazigombani. Ya 2011 ni ya watoto 6,000 wa kwanza wa miezi 5 hadi 17, kwa miezi 12 baada ya dozi ya tatu, na 55.8 imewahesabu waliochanjwa kwa kufuata utaratibu tu. Ukiwahesabu wote waliopangiwa chanjo, makala hiyohiyo inakupa 50.4. Ya 2015 imefuatilia watoto wa umri huo kwa takriban miaka minne. Hapo 36.3 ni ya kundi la dozi nne, ya nne ikitolewa mwezi wa 20 tangu dozi ya kwanza. Kundi la dozi tatu ni 28.3. Kinga inashuka muda unavyokwenda. Kwa hiyo kila asilimia unayoandika iende na maelezo yake: watoto gani, dozi ngapi, muda gani, wamelinganishwa na nani. Kundi la ulinganisho hapa lilianza na chanjo ya kichaa cha mbwa, usije ukaandika "hawakupewa kitu".

Mkutubi: Mimi naanza na rejea. Mwandishi wa makala zote mbili ni ushirika, RTS,S Clinical Trials Partnership. Usichomoe jina la mtafiti mmoja ukamfanya mwandishi. Halafu kama sentensi umeitoa kwenye tovuti ya habari, rejea tovuti hiyo. Ukiandika makala yenyewe, msahihishaji ataifungua na sentensi hataiona.

Mzee wa Maabara: Dogo, makala umezisoma zote, au umesoma ikisiri tu, ule ufupisho wa mwanzo wa makala?

mwaka_wa_pili: Ikisiri za zote mbili, mkuu. Makala ni ndefu, na ikisiri wameandika watafiti wenyewe. Sidhani kama wamedanganya.

Mzee wa Maabara: Hawajadanganya, nafasi ndiyo ndogo. Ya 2015 inapatikana bure. Anza na sehemu ya mbinu, kisha majedwali, mjadala uje mwisho, maana ukianza na mjadala utayaona majedwali kwa macho ya watafiti. Tafuta nani alilipia: kampuni ya GSK inayotengeneza chanjo, pamoja na PATH, shirika la afya lisilo la kibiashara. Hilo linaandikwa, ila peke yake halitoshi kuwa uhakiki. Kisha funga makala, andika aya moja kwa maneno yako, fungua tena ukague namba moja moja. Hebu weka hapa sentensi uliyokwisha kuandika.

mwaka_wa_pili: Tumeandika: "Chanjo ina ufanisi wa asilimia 46." Nilijumlisha zile mbili nikagawa kwa mbili. Tuko watano kwenye kundi, wenzangu wameshapitisha na faili limeshachapwa. Naona namba ya katikati haimwonei mtu.

Sheikh Mstaarabu: Astaghfirullah. Elimu ni amana. Namba hii mtu ataiamini akapange nayo chanjo za watoto.

kona_ya_bahari: Jamani huu uzi ni wa kutunga. Akaunti ya leo, namba zimepangwa vizuri mno, halafu eti wastani wa tafiti mbili! Huyu ni mwalimu anatupima, au anataka tumwandikie kazi nzima.

Mama Takwimu: Hata akiwa mwalimu, kosa hilo lipo na linajirudia. Wastani unataka vitu vya aina moja. Hapa muda wa ufuatiliaji ni tofauti, dozi ni tofauti, namna ya kuhesabu watoto ni tofauti, tena watoto wa makala ya kwanza wamo pia ndani ya ya pili. 46 haimhusu mtoto yeyote.

mwaka_wa_pili: Si mwalimu jamani. Nimeifungua ya 2015 sasa hivi. Inasema dozi nne zilizuia visa 1,774 kwa kila watoto 1,000. Visa vinazidije watoto?

kona_ya_bahari: Sawa, hili swali ni la mtu aliyefungua makala. Nimekuelewa, samahani.

Mama Takwimu: Mtoto mmoja anaweza kuugua malaria mara kadhaa ndani ya miaka minne, na kila mara ni kisa. Kwa hiyo chanjo yenye asilimia 36.3 inazuia visa vingi pale malaria ilipo nyingi. Weka namba zote mbili. Sasa tazama malaria kali: ufanisi wa dozi nne ni asilimia 32.2, mipaka ya uhakika (yaani eneo ambamo ufanisi halisi unakadiriwa kuwamo) 13.7 hadi 46.9. Dozi tatu ni 1.1, mipaka kutoka hasi 23.0 hadi chanya 20.5. Mipaka ikivuka sifuri, upande mmoja hasi na mwingine chanya, usiandike kwamba kinga ipo. Huo ndio uhakiki anaoutaka mwalimu wako.

mwaka_wa_pili: Na meninjitisi, homa ya uti wa mgongo? Ni visa 11 kwenye dozi nne, 10 kwenye dozi tatu, kimoja kwenye ulinganisho. Naona itatuharibia hitimisho, nilitaka tuiache.

Mzee wa Maabara: Iweke. Kumbuka waliopata RTS,S ni makundi mawili, hivyo ni kama mara mbili ya kundi la ulinganisho. Hata hivyo 21 kwa 1 ni pengo kubwa. Visa ni vichache, kwa hiyo andika "ilionekana tofauti inayohitaji kufuatiliwa", usiandike "inasababisha". Ndiyo maana ulifuata utekelezaji wa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, kabla WHO haijaipendekeza chanjo Oktoba 2021.

mwaka_wa_pili: Wawili wamekubali tubadilishe. Mmoja anasema tuiache 46 ila tuongeze neno "takriban".

Mkutubi: Mwombe akuonyeshe ukurasa wa kurejea hiyo 46. Badilisheni aya ya matokeo kwanza, kisha jedwali, ikisiri yenu mwisho. Rejea zikaguliwe na mtu ambaye hakuziandika.